Zamu ya Kusoma

Hospitali ile ilikuwa na madaktari ishirini na wanne, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumtibu mtu bila Kumbukumbu. Wala sitii chumvi. Daktari anaweza kuwa bingwa wa mabingwa, lakini mgonjwa akiingia bila faili, wote wawili wanabaki kutazamana. Mafaili yalikaa masijala, chumba kirefu kisicho na dirisha, nyuma ya maabara. Na masijala, ingawa ilikuwa na Mkuu wake, ilikuwa mikononi mwa bwana mmoja wa miaka arobaini na mmoja, mwenye kitambi kidogo na miwani iliyofungwa uzi upande wa kushoto. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye hati ya mshahara tu. Kila mtu, kuanzia wafagiaji mpaka mganga mkuu, alimwita Kumbukumbu.

Kama unadhani kutafuta faili ni kazi ya kunyoosha mkono, hujui kitu. Kila mgonjwa alikuwa na namba ya tarakimu sita, na pale masijala namba hiyo haikusomwa kama tunavyosoma mimi na wewe. Ilisomwa kutoka mkiani, mbili mbili. Mgonjwa wa namba 482107 faili lake lilikuwa rafu ya saba, safu ya ishirini na moja, la arobaini na nane. Ukipanga kuanzia mbele, wagonjwa wote wa mwaka huu wanajazana rafu moja na makarani wanakanyagana hapo siku nzima. Ukipanga kuanzia mkiani, wanatawanyika chumba kizima na kila karani anapumua. Kwa hiyo hata vikaratasi vya kuombea mafaili viliandikwa hivyo hivyo, mkia mbele: 072148. Karani mgeni alichanganyikiwa mwezi mzima. Kumbukumbu alikuwa ameandika hivyo miaka kumi na saba, na mkono wake haukuuliza tena.

Miaka sita ya mwisho kati ya hiyo alikuwa pia mwanafunzi. Asubuhi saa mbili kazini, jioni saa kumi na moja darasani, Jumatatu mpaka Alhamisi, shahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Wenzake wakila chakula cha mchana, yeye alijibanza nyuma ya rafu ya tisini na tisa, daftari mapajani. Alijifunza kusinzia akiwa amesimama kwenye foleni. Alisahau harusi mbili za ukoo, akasamehewa moja.

Lakini tusimpe sifa zote yeye, maana hapo ndipo watu wanapokosea wakisimulia habari za waliosoma ukubwani. Alikuwa na mke, na mkewe alikuwa msaidizi katika duka la dawa tangu kabla hajaolewa. Mama yule alizijua dawa zote kwa jina na kwa rangi ya boksi, alijua ipi haipatani na ipi, na mara mbili alikuwa amemzuia mwenye duka, tena mwenye shahada yake ukutani, asitoe dawa isiyofaa. Hata hivyo mgonjwa akimuuliza ameze mara ngapi kwa siku, ilimbidi ajibu, "Subiri mwenyewe aje." Maneno hayo yalimchoma kila siku ya Mungu.

Miaka sita nyuma mume na mke waliomba chuo pamoja, wakakubaliwa pamoja. Wakakaa mezani. Wakamtazama binti yao wa miaka mitatu, aliyekuwa akimwaga maji sakafuni kwa makusudi kabisa, wakaelewa kwamba wawili hawawezi kuwa darasani jioni moja. Hawakuwa na bibi wa karibu wala shangazi wa kuazima.

"Nenda wewe kwanza," mkewe akasema. "Masomo yako yanaanza mwezi ujao, yangu mpaka mwakani. Ukimaliza, zamu yangu."

Hawakuandikiana mkataba wala kuita mashahidi. Ikawa ndiyo sheria ya nyumba ile. Mtoto akafika miaka tisa, akapewa jina la Spika kwa kuwa hapakuwa na mazungumzo ndani ya nyumba aliyoyaacha yapite bila kuyatolea uamuzi. Na sasa zamu ilikuwa mlangoni. Kumbukumbu alikuwa amefanya mtihani wake wa mwisho. Mkewe aliomba upya chuo kile kile, shahada ya famasia, akapata. Barua ilikuwa juu ya kabati: masomo ya jioni yanaanza wiki ijayo, mwanafunzi aje mwenyewe na vyeti vyake kuthibitisha nafasi, mwisho Ijumaa saa sita na nusu mchana, asiyefika nafasi yake atapewa mwingine.

Jumatatu ya wiki hiyo, saa nne asubuhi, majibu ya Kumbukumbu yakatoka. Aliyafungua kwenye simu kati ya rafu ya kumi na mbili na ya kumi na tatu. Masomo yote yalikuwa na alama, isipokuwa la mwisho. Mahali pa alama paliandikwa neno moja: HAKUFANYA.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Neno lilikuwa pale pale.

"Kaka, vipi? Umeona jini?" aliuliza karani mwenzake, dada mmoja mrefu waliyemwita Ngazi kwa sababu ndiye pekee aliyefika rafu za juu bila kupanda kitu.

"Wameniandikia sikufanya mtihani."

"Mtihani upi?"

"Wa upangaji wa mafaili."

Ngazi akafumba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. "Samahani kaka. Nisamehe. Lakini wewe? Upangaji wa mafaili?"

Kumbukumbu hakucheka. Aliujua utaratibu wa chuo kwa moyo: asiyefanya mtihani anarudia somo mwaka mzima, jioni nne kwa wiki. Jioni hizo hizo mkewe naye angetakiwa darasani. Mmoja wao angelazimika kubaki nyumbani na mtoto. Alisimama palepale mpaka mtu wa maabara akaja kugonga dirisha dogo akidai faili.

Jioni ile hakumwambia mkewe. Kesho yake pia hakumwambia. Alijidanganya kwamba anangoja apate maelezo kamili kwanza, lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Jumanne alimkuta mkewe mezani akifunika madaftari mapya kwa magazeti, kwa uangalifu, akikunja kila kona na kuipigapiga kwa ukucha. Spika alikuwa amesimama kando yake, mikono nyuma.

"Baba, kuanzia leo hakuna kugusa kalamu hizi," Spika alitangaza. "Hata wewe. Ni za chuo kikuu."

"Sawa, mheshimiwa," Kumbukumbu akajibu. Akala chakula chake, na kama ungemuuliza alikula nini asingekuambia.

Jumatano, muda wa chakula cha mchana, alikwenda chuoni karibu mbio. Ofisi ya mitihani ilikuwa na kaunta ndefu, na nyuma ya kaunta karani kijana mwenye tai nyembamba na kikombe cha chai kilichopoa.

"Mzee, namba yako?"

Kumbukumbu alimeza ule uzee, akamtajia: 316052. Kijana akafungua kompyuta, akafungua na jalada la karatasi za mahudhurio ya siku ile ya mtihani, akashusha kidole ukurasa mzima, akaupandisha.

"Karatasi ya majibu yenye namba hii hatuna. Na kwenye mahudhurio humo."

"Lakini nilikuwemo! Nilikaa mstari wa pili, karibu na mlango. Siku ile stika zetu za namba ziliisha, mkatuambia kila mtu aandike namba yake kwa mkono. Nikaandika. Nikasaini."

"Wengi husema hivyo, mzee."

"Mimi sisemi, nakuambia."

"Malalamiko mwisho Ijumaa saa sita mchana. Lete ushahidi." Kijana akanywa chai yake na kukunja uso, maana ilikuwa ya baridi.

Ushahidi gani? Mtu anathibitishaje kwamba alikuwa mahali fulani miezi miwili iliyopita akiandika? Alirudi kazini bila kula. Jioni alipofika nyumbani alijipiga moyo konde, akamwambia mkewe yote akiwa bado amesimama mlangoni na begi begani.

Mkewe aliweka mwiko chini. "Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Leo Jumatano."

"Najua."

"Siku tatu unanitazama nafunika madaftari, umekaa kimya?"

"Sikutaka kukutia presha bure. Na nimeshaamua, mama Spika. Mimi naacha. Ijumaa wewe nenda kathibitishe. Zamu yangu imekwisha. Nimefaulu, nimefeli, imekwisha."

Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno hayo, na kwa siri alitegemea kwamba mkewe angeguswa, pengine hata angelia kidogo. Badala yake mama wa watu aligeuka mbogo.

"Unaacha? Unaacha nini? Miaka sita nimewadanganya ndugu zako kwamba unaumwa ili usiende kwenye vikao vyao! Huyu mtoto alipougua homa nilikesha peke yangu, wewe una mtihani kesho. Nimejifunza majina ya vitabu vyako kwa kukusikiliza ukiyataja usingizini. Halafu unaniambia unaacha, kama mtu anayeacha sigara? Shahada hiyo nusu ni yangu. Nani amekupa ruhusa ya kuitupa nusu yangu?"

"Na zamu yako?"

"Yangu haianzi mpaka yako iishe. Ndivyo tulivyosema."

"Tulisema hivyo tukiwa hatujui!"

"Mimi naona..." Spika akaanza.

"Nyamaza!" wakasema wote wawili kwa mpigo. Ilikuwa mara ya kwanza kunyimwa nafasi ya kuchangia ndani ya bunge lake, akatoka na kubamiza mlango.

Mkewe akashusha sauti, na hapo ndipo Kumbukumbu alipojua kwamba hatanii. "Sikiliza, baba Spika. Ijumaa nitakwenda pale dirishani na vyeti vyangu. Ukija ukaniambia umefaulu, nathibitisha. Usipokuja na jibu hilo, sithibitishi. Utarudia mwaka, umalize. Mimi nitasubiri."

"Watampa mtu mwingine nafasi yako. Una hakika gani kwamba mwakani watakupa tena?"

"Sina." Akaokota mwiko. "Kanawe tule."

Hawakugombana tena. Walikula, wakaosha vyombo, kila mmoja akijaribu kuwa mpole kuliko mwenzake, na upole wenyewe ulikuwa mzito kuubeba. Kumbukumbu alimpenda mkewe kuliko siku aliyomuoa, na alimkasirikia vilevile.

Alhamisi asubuhi alijaza fomu ya kuomba ruhusa ya nusu siku ya Ijumaa. Hakuwa na ushahidi wowote, lakini alikuwa na miguu, na alikusudia kusimama mbele ya mtu yeyote mwenye cheo pale chuoni na kusema mpaka wamchoke. Akaipeleka fomu kwa Mkuu wa masijala.

Mkuu huyo alikuwa mama aliyebakiza miaka miwili astaafu, mwenye saa kubwa ya mkononi ambayo kila karani aliichukia. Kwa miaka sita alikuwa akimkatia Kumbukumbu ruhusa za mitihani kidogo kidogo, kama mtu anayepima kitambaa cha mwenzake kwa mkono wake mfupi. Aliipokea fomu, akaisoma, akaisukuma kurudi upande wa pili wa meza.

"Hii namba ya nani?"

"Yangu, mama. Namba ya mfanyakazi."

"Namba yako ni 204417. Naijua, nimeiona kwenye fomu zako za ruhusa mpaka naiota. Hapa umeandika 174420. Umejiandika kama faili, bwana wewe. Unataka tukutafute rafu ya kumi na saba?"

Makarani waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Kumbukumbu hakucheka wala hakuokota fomu. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia.

Akaikumbuka wiki ile ya mtihani. Ilikuwa ndiyo wiki hospitali ilipohamisha mafaili ya zamani kutoka jengo la nyuma, na yeye na Ngazi waliandika vikaratasi asubuhi mpaka jioni, siku tano mfululizo, maelfu ya vikaratasi, vyote mkia mbele. Ijumaa wakamaliza. Jumamosi saa tatu asubuhi akaingia kwenye mtihani, wino bado umemkaa kwenye kidole cha shahada, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita hapakuwa na stika. Wakamwambia aandike namba yake kwa mkono.

"526031," akasema kwa sauti.

"Hiyo nayo ya nani?" Mkuu akauliza.

"Yangu mimi! Ndiyo mimi huyo!" Akapiga meza ya Mkuu kwa kiganja, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya akabaki na kazi, kisha akaanza kucheka mpaka miwani ikamdondoka. Alifaulu kutamka "316052 ya mtihani, mkia mbele" tu; yaliyobaki ilibidi Ngazi ayaeleze, maana mwenyewe hakuweza. Mkuu alisikiliza hadi mwisho bila kutikisa uso. Halafu akachukua kalamu yake, akaisahihisha ile namba kwenye fomu kwa mkono wake mwenyewe, akasaini.

"Kesho mpaka saa saba," akasema. "Saa saba na dakika moja nakuandikia umechelewa." Ndivyo alivyokuwa, lakini nusu siku ya kawaida iliishia saa sita, na kila mtu chumbani alilijua hilo.

Ijumaa mume na mke walitoka pamoja. Spika alikwenda shule akiwa amewanunia wote wawili tangu Jumatano, ingawa alipowaaga aliwaambia wasirudi na sura hizo. Kwenye lango la chuo wakaachana: mkewe kwenye dirisha la usajili ghorofa ya chini, na Kumbukumbu ghorofa ya tatu kwenye ofisi ya mitihani.

Alingoja kwenye benchi kwa muda wa karibu saa tatu. Mratibu wa mitihani, mama mwembamba mwenye nywele fupi za mvi, alikuwa kikaoni. Alipotoka alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akamwita yule kijana wa tai nyembamba.

"Lete boksi la karatasi zisizo na wenyewe."

Zilikuwa kumi na moja. Kijana alizipekua, akasimama kwenye moja, akanyanyua nyusi. "Ipo, mama. 526031. Hata kwenye mahudhurio ipo. Namba hii haina mwanafunzi. Tulidhani ni mtu aliyepotea mlango."

Kumbukumbu aliinyooshea mkono bila kufikiri. Mratibu akaivuta upande wake, akaifungua kwa namna ambayo yeye peke yake ndiye aliyeweza kuiona.

"Taratibu. Mwaka huu nimekuwa na watu wawili wanaodai karatasi za wenzao. Hadithi yako ya rafu ni nzuri, lakini hadithi nzuri nazisikia kila wiki. Niambie: ulijibu swali gani kwanza?"

"La sita."

"La sita ndilo la mwisho."

"Ndiyo, mama. Huwa naanza na la mwisho."

"Mzee, kwako kila kitu kinaanzia nyuma?" kijana akauliza. Mratibu akamtazama, naye akakumbuka ana kazi upande wa pili wa kaunta.

"Swali la sita lilitaka nini?"

"Kwa nini faili la mgonjwa aliyefariki lisitupwe."

"Ukajibu nini?"

"Nilianza na sheria, na kesi, na takwimu. Kama tulivyofundishwa." Akasogeza miwani juu ya pua. "Halafu nikaandika habari ya mama yangu. Wiki yangu ya kwanza kazini nilitumwa kupanga mafaili ya zamani, nikakuta la mama. Alifariki nikiwa na miaka mitano. Nyumbani hatukubaki hata na picha yake. Mle ndani mlikuwa na urefu wake, na uzito wake, na mstari mmoja nesi aliandika, kwamba mgonjwa ameuliza mara mbili kama mtoto amekula. Sikuwa na ruhusa ya kulisoma, na hilo pia nililiandika. Nikalirudisha rafuni. Kisha nikaona sijajibu swali, nimejisimulia, nikakata mistari miwili ya mwisho."

Mratibu alikuwa ameshafika ukurasa huo. Alibaki hapo muda mrefu kuliko unaohitajika kuusoma.

"Imekatwa," akasema. "Lakini inasomeka." Akachukua muhuri, akagonga. "Karatasi ni yako. Nitamwita mwalimu wa somo aisahihishe kesho na keshokutwa. Jibu utalipata Jumatatu. Mimi siisahihishi, kwa hiyo siwezi kukuambia kitu, na inawezekana kabisa umefeli. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Asante. Lakini Jumatatu..." Akaitazama saa ya ukutani. Saa sita na dakika ishirini na moja.

Akashuka ngazi mbili mbili, ameshikilia miwani kwa mkono mmoja.

Ukumbi wa usajili ulikuwa karibu mtupu. Mkewe alikuwa amesimama hatua mbili kutoka dirishani, amevaa gauni lake la buluu la siku za maana, bahasha ya vyeti ameikumbatia kifuani. Alikuwa amefika hapo saa tatu kasoro, wa saba kwenye foleni. Zamu yake ilipofika alimwambia aliye nyuma yake, "Pita." Na aliyefuata, "Pita." Tangu asubuhi alikuwa amepitisha watu wote wa siku ile, na sasa hapakuwa na wa kumpitisha tena.

Alimwona mumewe akija, akatazama uso wake kwanza, kama wake wafanyavyo kwa waume zao.

"Imeonekana?"

"Imeonekana!" Kumbukumbu alikuwa anahema. "Ilikuwepo. Wamegonga muhuri, ni yangu."

"Umefaulu?"

Hapo sasa. Ilikuwa neno moja tu. Angelisema, mkewe angeingiza vyeti dirishani, na mpaka Jumatatu nani angejua? Neno lilimfika kwenye ulimi. Lakini alikuwa amemficha siku tatu wiki hii hii.

"Sijui," akasema. "Bado haijasahihishwa. Jibu Jumatatu."

Jumatatu jibu lingetoka, na alikuwa amefaulu, tena vizuri. Mimi najua, na wewe sasa unajua. Lakini saa sita na dakika ishirini na sita ya Ijumaa ile hakuna aliyejua. Nyuma ya dirisha karani alikuwa anakusanya mihuri yake na kuitia kwenye droo.

Mkewe alimsogelea. "Nitazame. Uliandika vizuri?"

"Nilimaliza maswali yote."

"Sikuulizi kama ulimaliza. Mimi kila siku namwona mtu anayejua kazi yake na mtu anayebahatisha. Nakuuliza wewe: uliandika vizuri?"

Kumbukumbu alifikiri. Hakutaka kumpa jibu la haraka, ingawa muda ulikuwa unakwisha, maana mke huyu alistahili kupewa kitu kilichopimwa.

"Niliandika vizuri, mama Spika," akasema. "Sijawahi kuandika vizuri namna ile."

Mkewe akatikisa kichwa mara moja kukubali. Akageuka, akapitisha bahasha chini ya pazia la dirisha lililokuwa linashuka.

Pazia likasimama, likapanda kidogo. Karani, mama mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni, aliinama kumwona vizuri. "Kumbe ni wewe! Mama, tangu asubuhi nakutazama hapo, unapitisha watu mmoja mmoja mpaka nikadhani umetumwa kupanga foleni. Ulikuwa unamngoja nani?"

"Mwanafunzi mwenzangu," mkewe akasema, akasukuma vyeti ndani.

Kumbukumbu aligeukia ukuta, akajifanya anasoma matangazo. Alikuwa analia, na wala hakuona haya, alichotaka ni kumpa mkewe nafasi ajaze fomu kwa utulivu. Nyuma yake alisikia muhuri ukigonga, karatasi ikichanwa, karani akimtakia mwanafunzi mpya masomo mema.

Mkewe alikuja kusimama pembeni yake, stakabadhi mkononi, akiitazama kama haamini kwamba imeandikwa jina lake. Kisha akaikunja, akaitia kwenye pochi.

"Jumatatu saa kumi na moja jioni niko darasani," akasema. "Nani yuko nyumbani?"

"Mimi."

"Na Alhamisi?"

"Mimi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka umalize."